Faili ya Kortini Haitafutwi kwa Jina

Wanaokuja kwangu kutaka msaada wa barua za kortini huja na jina. "Mwalimu, kuna kesi ya Fulani, ile ya ng'ombe, nataka karatasi zake." Wengine huongeza jina la baba, la kijiji, hata la mama mkwe. Karani wa masijala hana la kufanya na habari hizo, na si kwa ubaya wake. Faili za jinai zimepangwa kwa nambari na mwaka. Ukimpa jina tupu unamtaka apitie rejesta ya mwaka mzima, mstari baada ya mstari, na foleni imekwisha fika mlangoni. Atakwambia urudi kesho, na kesho atasema hivyo hivyo.

Basi tafuta nambari kabla hujapanda matatu. Ila kwanza ujue ni korti ipi. Hapa kwetu Taita Taveta, Kenya, kuna mahakama Voi, Wundanyi na Taveta, na kutoka Voi hadi Taveta si mwendo wa kubahatisha. Mahakama si idara ya serikali ya kaunti: gavana hana faili hata moja ya jinai, na chifu pia hana, ingawa chifu mara nyingi hukumbuka ni kituo gani cha polisi kilichomkamata mtu. Habari hiyo ni dhahabu, maana kituo ndicho kinachojua kilimpeleka korti gani.

Nambari yenyewe imeandikwa mahali pengi kuliko watu wanavyodhani. Iko kwenye karatasi ya mashtaka. Iko kwenye risiti ya dhamana, ile ambayo shangazi aliikunja akaitia ndani ya Biblia. Kama mtu amefungwa, iko kwenye waranti ya kifungo, na ofisi ya nyaraka gerezani itamsomea mfungwa mwenyewe akiomba. Kama huna chochote, nenda kituoni na nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, umwombe afisa akuonyeshe nambari ya kortini iliyoandikwa baada ya mshukiwa kushtakiwa. Kesi za miaka ya karibuni zina herufi E mbele ya nambari, kwa sababu zimesajiliwa kwa mfumo wa kielektroniki. Mfumo huo ulianza Nairobi mwaka 2020, ukapelekwa nchi nzima Machi 2024. Usiiache hiyo E. Nambari 45 na nambari E45 ni faili mbili.

Kuna njia nyingine ninayoipenda kwa sababu haina nauli. Hukumu nyingi za mahakimu huzioni kwenye Kenya Law, tovuti inayochapisha maamuzi ya korti, lakini kesi ikikatiwa rufaa Mahakama Kuu, uamuzi wa jaji mara nyingi huwekwa pale, bure, kwa yeyote. Juu kabisa ya uamuzi huo pameandikwa rufaa imetoka korti gani, kesi nambari ngapi, hakimu nani, tarehe gani. Nimewahi kumpatia mzee mmoja nambari ya kesi ya mwanawe kwa simu, tukiwa tumekaa kibandani tunakunywa chai. Kesi za dhuluma za kimapenzi na za watoto hazipatikani kirahisi hivyo, maana majina hufupishwa kuwa herufi ili kumsitiri aliyedhulumiwa, na ndivyo inavyopasa.

Nambari ukishaipata, andika barua. Najua karani anaweza kukusikiliza kwa mdomo, hasa kama ni mtu wa kwenu. Andika hata hivyo. Iwe fupi:

"Kwa Hakimu Msimamizi, Mahakama ya (taja mji). KUH: Kesi ya Jinai Nambari … ya mwaka …, Jamhuri dhidi ya … Mimi ni mshtakiwa (au mlalamishi, au ndugu, au mwananchi). Naomba nakala zilizothibitishwa za mwenendo wa kesi, hukumu na uamuzi wa adhabu. Niko tayari kulipa ada inayotakiwa."

Halafu jina, kitambulisho, simu, sahihi, tarehe. Toa nakala mbili. Moja inabaki kwao. Ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, uondoke nayo. Watu huidharau karatasi hii. Rufaa ya jinai kutoka kwa hakimu ina siku 14 tangu hukumu, na Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai inasema kwamba ukichelewa kwa sababu uliomba nakala na hukuzipata kwa wakati ufaao, Mahakama Kuu itakubali rufaa yako. Sasa utathibitishaje kwamba uliomba? Kwa muhuri huo. Na usingoje nakala ndipo ukate rufaa. Wasilisha rufaa, nakala zitafuata.

Mshtakiwa ana mguu imara kuliko wengine wote. Katiba, ibara ya 50, inampa haki ya nakala ya mwenendo wa kesi yake ndani ya muda unaofaa baada ya kesi kwisha, kwa ada ya kadiri. Mlalamishi na wengine walioguswa na hukumu nao wana njia yao kisheria. Mwananchi wa kawaida anaegemea ibara ya 35 na Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Sheria hiyo ina mambo matatu ambayo ningetaka yabandikwe kila kituo cha matatu. Ombi laweza kuandikwa kwa Kiswahili. Asiyeweza kuandika lazima asaidiwe na ofisi yenyewe. Na kupeleka ombi hakulipiwi, ila kunakili ndiko kuna ada. Jibu linatakiwa ndani ya siku 21, na saa 48 kama habari inahusu uhai au uhuru wa mtu. Ukikataliwa, una siku 30 kupeleka malalamiko kwenye tume tuliyozoea kuiita Ombudsman. Lakini usiingie ofisini na ibara mkononi kama panga. Ziweke mfukoni, uzitoe pale salamu na subira zinapogonga mwamba.

Haki hiyo ina mipaka. Kesi inayoendelea, kesi ya mtoto, mambo ya siri ya mtu: hapo hakimu anaweza kukupa sehemu tu au akatae. Na kama shida yako ni kujua iwapo kijana unayetaka kumwajiri amewahi kufungwa, umekosea mlango. Hakuna dirisha la korti ambapo unataja jina wakuchapie maisha ya mtu. Mwambie kijana mwenyewe aombe cheti cha tabia njema kwa DCI, idara ya polisi ya upelelezi wa jinai.

Kuhusu kungoja. Mahakimu wetu wengi wameandika ushahidi kwa mkono, na mwandiko wa hakimu aliyesikiliza kesi tangu asubuhi hauna tofauti na wa daktari. Mtu lazima aupige chapa, aulinganishe, authibitishe. Kesi ya mashahidi wanane si kazi ya alasiri moja. Ndiyo maana nashauri kupekua faili kwanza, kwa ada ndogo, mbele ya karani. Pengine unachohitaji ni hukumu tu, na hukumu hupatikana upesi kuliko mwenendo mzima. Usipige picha bila ruhusa. Malipo huenda kwenye akaunti rasmi kwa simu na unapewa risiti. Anayekutajia nambari yake mwenyewe si mahakama inayokudai.

Siku nyingine utaambiwa faili haipo. Usikasirike bado, uliza imekwenda wapi. Mara nyingi imeitwa Mahakama Kuu kwa rufaa ya mshtakiwa mwenzake, au kwa mapitio, na kwa korti zetu hizi hiyo ni Voi. Omba tarehe na nambari ya barua iliyoipeleka, uende nayo huko. Kama kesi ni ya zamani sana, inawezekana imeharibiwa kihalali, kwani sheria inaruhusu kuondoa rekodi zilizopita muda wake. Hapo omba dondoo la rejesta. Mstari mmoja wenye jina, kosa na matokeo ni bora kuliko mikono mitupu.

Sasa umezipata. Zimeandikwa kwa Kiingereza, hata kama kila shahidi alisema Kiswahili au Kidawida kupitia mkalimani. PW1 ni shahidi wa kwanza wa upande wa mashtaka, DW1 ni wa utetezi. Lakini mahali watu wanapoumizwa ni mstari wa mwisho, kwenye nambari za vifungu. Mama mmoja alinionyesha karatasi akishangilia kwamba mwanawe ameachiliwa. Ilikuwa imeandikwa 87(a), kifungu cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai. Maana yake ni kwamba mashtaka yameondolewa kabla hajaitwa kujitetea, na anaweza kushtakiwa tena kwa jambo lile lile. Ingekuwa 87(b), baada ya kuitwa kujitetea, hapo ameachiliwa kabisa. 202 ni mlalamishi hakutokea kortini, na 204 ni mlalamishi ameondoa kesi mwenyewe. 210 ni hakimu ameona hakuna kesi ya kujibu. 215 ni hukumu baada ya kusikiliza pande zote, na hii hukata kotekote: yaweza kuwa hatia, yaweza kuwa kuachiliwa, lazima usome sentensi nzima. Ukiona 35(1), hiyo ni ya Kanuni ya Adhabu: mtu amepatikana na kosa lakini hakuadhibiwa, kwa masharti au bila masharti. Mwajiri anayesoma "ameachiliwa" kwenye zote hizi amesoma vitu saba tofauti kwa neno moja.

Kabla hujatoka dirishani, hesabu kurasa. Hakikisha zinafuatana, muhuri wa kuthibitishwa upo pamoja na sahihi, na nambari ya kesi juu ya ukurasa wa kwanza ni ile ile uliyoomba. Kama kuna ukurasa unaorukwa, mwambie karani saa hiyo hiyo, faili ingali mezani kwake.