Picha ya ubongo safi, mkono umekakamaa: je, mtoto ni mlemavu?

Dada, nimeusoma uzi wako mara mbili. Unasema binti yako ana miaka 3, mkono na mguu wa kulia vimekakamaa, daktari ameandika mtindio wa ubongo, yaani jeraha la ubongo mchanga linalovuruga mwendo na misuli, lakini picha ya MRI imetoka safi. Sasa ndugu wanakwambia ubongo kama hauna kasoro basi mtoto si mlemavu, amechelewa tu. Unauliza nani wa kuaminiwa, na huu ulemavu wa mfumo wa fahamu kwa mtoto unaamuliwa kwa kipimo gani. Mimi si daktari. Ni baba wa kijana wa miaka 11 mwenye hali hiyohiyo, na swali lako lilininyima usingizi miaka mingi.

Nianze na picha. Mtindio wa ubongo hutambuliwa kwa kumwangalia mtoto mwenyewe: anavyojigeuza, anavyokaa, misuli ilivyokaza, na historia ya mimba na kuzaliwa kwake. Picha husaidia kuonyesha jeraha lilipo na pengine lilitokea lini. Lakini takriban mtoto 1 kati ya 10 wenye mtindio picha yake haionyeshi kitu. Kwa hiyo picha safi haiufuti ule mkono uliokunja ngumi unaouona kila siku unapomvalisha. Jambo moja tu la kumuuliza daktari: kwa kuwa picha ni safi, je, kuna haja ya vipimo vya damu au vinasaba? Yapo magonjwa machache yanayofanana na mtindio, na baadhi yana dawa. Hilo usiliache.

Sasa ulemavu wenyewe. Watu huchanganya vitu vitatu: jeraha lililo kwenye ubongo, kasoro inayoonekana mwilini, na yale maisha ambayo mtoto anayaweza au anazuiwa kuyaishi. Shirika la Afya Duniani mwaka 2001 lilitoa mfumo unaovitazama vyote, na mazingira ya mtoto yamo ndani yake. Nilipoelezwa mara ya kwanza niliona ni maneno ya makaratasi. Niliuelewa kwa macho.

Mwanangu alikuwa na miaka 4. Tulikwenda kufanyiwa tathmini, akakalishwa kwenye kitanda kirefu cha uchunguzi, miguu inaning'inia. Mbele yake kopo na vipande vya mbao. Akaambiwa avitie ndani. Hakugusa hata kimoja. Mikono yote miwili ilikuwa imeng'ang'ania ukingo wa kitanda, vidole vimekuwa vyeupe, maana akiachia anaanguka. Fomu ikaandikwa: hawezi kutumia mikono. Nikaikunja nikaondoka nayo kama hukumu.

Wiki iliyofuata tulikuwa kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Mama yule hakusoma fomu kwanza. Alimkalisha mtoto kwenye kibao kifupi, nyayo zikatua sakafuni, akasogeza meza ndogo mpaka usawa wa kifua. Kisha akaweka kopo la aina ile ile na vipande vya mbao. Mwanangu alitoa ulimi nje kama anavyofanya akitia nia, mkono ukitetemeka, akatia cha kwanza. Cha pili. Alitia vitano, cha sita kikamtoka kikaviringika chini ya meza, akakinyoshea kidole arudishiwe. Ubongo ulikuwa ule ule na jeraha lile lile. Kilichobadilika ni mahali pa kuweka miguu. Jioni ile nilichukua msumeno nikapunguza miguu ya kiti chake nyumbani.

Ndiyo maana nasema jina la ugonjwa halitoshi kueleza ulemavu. Watoto wawili wanaweza kuandikiwa neno moja, mmoja anakimbia na mwingine anahitaji kushikwa kichwa ili kisianguke. Kwa mwendo upo mfumo wa madaraja 5, uliochapishwa mwaka 1997 na watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster kule Kanada. Daraja la 1 mtoto anatembea na kupanda ngazi bila msaada, la 5 anasukumwa kwenye kiti cha magurudumu. Ninachokipenda ni kwamba unauliza mtoto kwa kawaida anafanya nini, nyumbani na anapocheza, si kile alichofanikiwa siku moja mbele ya wageni. Mtoto aliyeathirika upande mmoja kama wako mara nyingi huangukia daraja la 1 au la 2. Mikono ina mfumo wake pia, na mawasiliano yana wake, kwa sababu mtoto anaweza kuwa na miguu mizito na akili nyepesi. Takriban nusu ya watoto wenye mtindio wana ulemavu wa akili, maana yake nusu nyingine hawana. Mtu asiipime akili ya binti yako kwa kumwangalia anavyochechemea. Kifafa huwapata takriban 1 kati ya 4, kwa hiyo ukimwona anakodoa macho na hakusikii, au upande mmoja unarukaruka, mrekodi kwa simu na umpeleke.

Kuhusu hilo neno "amechelewa tu": aliyechelewa huwa anafuata njia ile ile kwa mwendo wa polepole. Mtoto anayetumia mkono mmoja tu kabla hajatimiza mwaka hajachelewa, kuna upande unaomsumbua. Kusubiri kunamgharimu, maana umri huu ndio mkono ule unafundishika vizuri kwa michezo ya kutumia mikono miwili.

Jeraha la mtindio haliongezeki. Mwili ndio hubadilika: mifupa inarefuka, misuli iliyokaza inabaki nyuma, nyonga zinaweza kutoka mahali pake. Hiyo ni kawaida ya kufuatiliwa. Lakini mtoto akipoteza kitu alichokuwa anakiweza, maneno yakapungua, alikuwa anakaa sasa hakai, hapo usikubali kuambiwa ni mtindio tu. Rudi hospitali haraka, huenda ni ugonjwa mwingine unaoendelea.

Kliniki ijayo nenda na video fupi tatu: akila, akicheza chini, akipanda kitu. Muulize daktari daraja lake la mwendo na la mikono, yaandikwe kwenye ripoti pembeni ya jina la ugonjwa. Na utuandikie hapa binti anakaaje wakati wa kula, nyayo zinafika chini au zinaning'inia. Kwa kiti naweza kukusaidia vipimo.