Programu za DOS zinanenepa zenyewe

Ndugu yangu wa Masasi, kwa hiyo kompyuta kuukuu ya ghala la korosho inayotumia DOS (mfumo endeshi wa zamani), ambayo unasema faili za EXE (faili za programu) zinanenepa kila ukizifungua, mimi namshuku Jerusalem, kirusi cha kompyuta cha 1987. Faili ya COM (aina nyingine ya faili ya programu) huiongezea baiti 1,813 mara moja tu. EXE huirudia mpaka haienei kwenye memori. Ijumaa ya tarehe 13 hufuta kila programu utakayoiendesha (siku hiyo usiiguse mashine kabisa!).

Kwa kuwa hujificha kwenye memori, zima mashine, kisha uiwashe kwa flopi safi ya DOS. Kama flopi ni ile pana, ziba pengo la pembeni kwa karatasi ya gundi isiandikike. Futa EXE na COM zote, pakia upya. Hesabu za korosho ziache, hakizigusi.