Mtoto Aanze Kupanda Farasi Akiwa na Umri Gani?

Maswali yaliyonifikia safari hii yametoka kwa wazazi na walezi, na ingawa kila mmoja ameuliza kwa namna yake, karibu wote wanataka nitaje nambari moja, wamalize mashaka. Nimezifupisha barua zilizokuwa ndefu, na nimeanza na ile iliyobeba nyingine zote.

Swali: Binti yangu ana miaka miwili na nusu, na kila amwonapo farasi hulia akitaka apandishwe. Ni umri gani hasa unaofaa kuanza?

Mama, swali lako lina maswali mawili ndani yake, na majibu yake yameachana kwa miaka kadhaa. Kuna kukaa juu ya farasi, ambapo mtu mzima mmoja ameshika kamba na mwingine anatembea ubavuni akiwa tayari kumdaka mtoto. Na kuna kumwendesha farasi, ambapo mtoto mwenyewe anashika hatamu, anamwelekeza mnyama, anamgeuza na kumsimamisha. Jambo la kwanza linawezekana kwa watoto wengi kuanzia miaka 3 au 4, kwa dakika chache, juu ya poni (farasi wa aina ndogo) mpole aliyezoea watoto. La pili kwa kawaida husubiri miaka 6 hadi 8, na nimefundisha watoto wa miaka 9 ambao sikuthubutu kuwafungulia kamba.

Sababu ya kwanza ni mwili wenyewe. Kichwa cha mtoto wa miaka 2 ni takriban moja ya tano ya urefu wake wote, ilhali cha mtu mzima ni takriban moja ya nane. Kwa hiyo uzito wa mtoto mdogo umekaa juu, shingo inayoubeba bado ni dhaifu, na farasi akijitikisa kidogo tu mtoto huyumba kama mzigo uliofungwa vibaya. Miguu nayo ni mifupi. Mtu hukaa imara juu ya farasi kwa kuning'iniza miguu pande zote mbili za tumbo la mnyama, lakini miguu ya mtoto wa umri huo huishia kwenye tandiko lenyewe, ikachomoza pembeni, na hapo hakuna kinachomshikilia isipokuwa mkono wa mtu aliye chini.

Sababu ya pili, ambayo wazazi huisahau, ni usikivu. Farasi ni mnyama ambaye asili yake ni kuwindwa, na kinga yake ya kwanza ni kukimbia kabla hajajua anachokikimbia. Mfuko wa plastiki ukipeperushwa na upepo, mwalimu ana muda wa kutamka neno moja tu, na mtoto anapaswa kulitii neno hilo papo hapo, bila kuuliza kwa nini. Ndiyo maana huwa siulizi kwanza mtoto ana miaka mingapi. Humtazama akicheza, kisha nikamwambia "simama." Anayesimama katikati ya mchezo yuko karibu na tandiko kuliko mwenzake aliyemzidi miaka miwili ambaye husikia anapopenda. Humwomba pia asimame kwa mguu mmoja kwa sekunde chache na apande ngazi bila kushikwa, kwa kuwa asiyeweza kujimudu ardhini hatajimudu juu ya mgongo unaotembea.

Binti yako hajachelewa wala hajakatazwa farasi. Kwa sasa mfundishe kazi ya chini: kumsugua farasi begani kwa brashi huku umemshika, kumwita kwa sauti kabla ya kumgusa, na kutopita nyuma yake. Farasi huona karibu pande zote kwa wakati mmoja, lakini haoni kilicho nyuma yake moja kwa moja wala kilicho mbele kabisa ya paji la uso wake, na huko ndiko watoto wadogo hupenda kukimbilia. Mtoto aliyeyajua haya akiwa na miaka 3 anapopandishwa akiwa na miaka 5 huwa tayari anajua nusu ya somo.

Swali: Mimi ni mpandaji mzoefu. Je, naweza kumpakata mwanangu wa mwaka mmoja na nusu mbele yangu kwenye tandiko, tukaenda polepole tu?

Bwana, hapana. Najua picha za namna hiyo hupendeza, na najua wengi wamefanya hivyo na wakarudi salama. Lakini tandiko limetengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja, na mkono unaomshika mtoto ni mkono ulioondolewa kwenye hatamu. Farasi akishtuka, mzazi humkumbatia mtoto badala ya kujiokoa, wakaanguka pamoja, na mara nyingi mtu mzima ndiye huwa juu. Uzoefu wako humlinda mtoto pale unapokuwa ardhini umeshika kamba. Kumfunga kifuani au mgongoni kwa kitambaa ni kubaya zaidi, kwa sababu hapo hata nafasi ya kurushwa mbali na kwato hana.

Swali: Mjukuu wangu ana miaka 4. Shule moja ya upandaji imemkataa hadi atimize 7, nyingine imeniambia humpokea mtoto kuanzia miaka 3. Nani anasema kweli?

Shikamoo, Bibi. Huenda wote wawili wanasema kweli, kila mmoja kwa hali yake. Shule nyingi huweka umri wa chini kwa kufuata masharti ya bima, ukubwa wa farasi walionao na idadi ya wasaidizi. Mtoto wa miaka 4 anahitaji watu wawili, mmoja wa kamba na mmoja wa ubavuni, tena anahitaji mnyama mdogo. Poni wa aina ya Shetland, kwa mfano, hazidi sentimita 107 begani, na mgongo wake ni mahali ambapo mtu mzima anaweza kumfikia mtoto bila kunyoosha mkono. Shule yenye farasi wakubwa pekee ikimkataa mjukuu wako, inamheshimu.

Hiyo inayopokea wa miaka 3, nenda kaitazame kabla hujampeleka, na uende bila yeye ili macho yako yawe huru. Tazama kama mwalimu anakagua mkanda wa tumboni wa tandiko kabla mtoto hajapanda, kwa sababu farasi wengi hujaza pumzi wakati wa kufungwa na mkanda hulegea baadaye. Tazama kama aliyeshika kamba anamwangalia farasi au anaangalia simu. Tazama masikio ya farasi wenyewe: yakilazwa nyuma kila mtoto anapokaribia, wanyama hao wamechoka au wanaumwa, na mnyama wa namna hiyo si wa mtoto wa umri wowote. Mwisho, sikiliza wanamfanyaje mtoto anayelia. Wakimshusha, wanajua kazi. Wakimwambia ajikaze, rudi nyumbani, umsubirishe mjukuu wako miaka hiyo mitatu.

Swali: Tayari tuna kofia ngumu ya baiskeli inayomtosha mtoto. Haitoshi?

Haitoshi. Kofia ya baiskeli imepimwa kwa anguko la baiskeli, na mara nyingi huacha wazi sehemu ya chini ya kisogo, mahali ambapo aangukaye kutoka kwa farasi huweza kupigia. Kofia ya upandaji hushuka zaidi nyuma, na hupimwa kwa viwango vyake yenyewe; ukinunua, tafuta ndani yake alama ya kiwango kama vile ASTM F1163 (cha Marekani) au EN 1384 (cha Ulaya). Inapaswa kukaa sawa kwenye paji la uso, juu kidogo ya nyusi, na mtoto akitikisa kichwa kabla ya kufunga ukanda wa kidevu isicheze. Tafadhali usinunue kubwa ili aikulie kama tunavyofanya kwa sare na viatu, kwani kofia inayocheza huteleza wakati uleule inapohitajika. Ikishapokea pigo moja kubwa itupwe, hata kama haina ufa, maana kazi ya povu lililo ndani ni kubonyea mara moja. Ikiwa kofia yenu ya watu wazima imeazimwa na hamjui imewahi kuanguka mara ngapi, hiyo nayo si ya kumvisha mtoto.

Na kwa kuwa umeuliza vifaa: viatu viwe na kisigino kifupi, ili mguu usipenye kwenye kikuku cha kuwekea mguu. Mtoto akianguka huku mguu umenasa, farasi humburuta. Kwa hiyo viatu vya michezo visivyo na kisigino havifai, labda kwenye vikuku vya usalama vinavyofunguka ubavuni.

Swali: Binti yangu wa miaka 8 alianguka wiki mbili zilizopita. Hakuvunjika, lakini hataki tena kusikia habari za farasi. Nimeambiwa kosa langu ni kutompandisha tena palepale.

Dada, usijilaumu, maana ushauri huo wa kumpandisha tena palepale ni wa zamani na mimi siupendi. Mtoto aliyegonga kichwa hapaswi kupanda tena siku hiyo, hata akisema yuko salama, kwa sababu dalili za mtikisiko wa ubongo huweza kuchelewa kwa saa kadhaa. Mtoto akitapika, akilalamika kichwa kinazidi kuuma, akisinzia isivyo kawaida, akichanganyikiwa au akishindwa kutembea sawasawa, apelekwe hospitali bila kungoja. Naamini ulimchunguza, na hilo ndilo lililokuwa muhimu kuliko tandiko.

Sasa mrudishe, ila umrudishe ardhini. Mpeleke bandani bila kofia na bila ahadi yoyote ya kupanda, amsugue yule poni, amwongoze kwa kamba akiwa pamoja na mwalimu, kisha mrudi nyumbani. Fanyeni hivyo mara tatu au nne. Mtoto huanza kuomba mwenyewe, na siku akiomba, aanze kwa kuongozwa kwa mwendo wa kutembea hata kama kabla ya kuanguka alikwisha jifunza mwendo wa matiti, yaani mbio za polepole za farasi. Asipoomba kabisa, mwache. Nimewaona wazazi waliotaka upandaji kuliko watoto wao, na farasi hutambua mwili uliokakamaa kabla ya mwalimu.

Swali: Somo la mtoto wa miaka 5 liwe la muda gani?

Dakika 20 hadi 30 akiwa juu ya poni, mara moja kwa wiki, zinatosha. Baada ya hapo mapaja huchoka, mgongo hupinda na masikio hufunga. Muda uliobaki autumie kumhudumia mnyama.

Swali: Mwanangu wa miaka 5 ana utindio wa ubongo. Je, milango hii imefungwa kwake?

Haikufungwa. Mwaka 1952, katika Michezo ya Olimpiki ya Helsinki, Lis Hartel wa Denmark alipata medali ya fedha katika upandaji farasi wa madaha (dressage), ambapo mpandaji humwongoza farasi kwa hatua zilizopangwa, ingawa polio ilikuwa imemwacha amepooza miguu kuanzia magotini kwenda chini, na ilibidi asaidiwe kupanda na kushuka. Mfano wake uliwasukuma wengi kuanzisha upandaji wa tiba. Mwendo wa farasi anayetembea huisogeza nyonga ya aliye juu yake kwa namna inayokaribiana na mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu, na wataalamu wa tiba ya viungo huutumia kuimarisha kiwiliwili na mizani ya mwili.

Lakini kwa mwanao umri si kigezo cha kwanza. Kigezo ni daktari wake, ambaye ataangalia nyonga, uti wa mgongo na kama ana kifafa, kisha mkufunzi aliyesomea upandaji wa tiba, maana ukarimu wa mwalimu wa kawaida hauwezi kuchukua nafasi ya mafunzo. Wazazi wa watoto wenye ugonjwa wa Down nao wasipuuze uchunguzi wa shingo, kwa kuwa baadhi ya watoto hao wana ulegevu katika viungo vya juu vya shingo ambao huufanya mtikisiko wa farasi kuwa hatari.

Swali: Mwanangu ana miaka 7 na anaendelea vizuri. Nafikiria kumnunulia mwana-farasi ili wakue pamoja.

Wazo hili lina upendo mwingi, na ni miongoni mwa mawazo yaliyowaumiza watoto wengi. Mwana-farasi hapaswi kubeba mpandaji hadi afikishe miaka 3 au 4, na hata hapo mifupa yake bado inakomaa. Mwanao atakuwa na miaka 10 au 11 ndipo aanze kumpanda mnyama ambaye naye ndiyo kwanza anajifunza kuwa kikuku ni nini, hatamu ni nini, na kwamba ndege anayeruka kutoka kichakani si adui. Wanafunzi wawili bila mwalimu.

Farasi huishi miaka 25 hadi 30, na poni wengi huzidi hapo. Kwa hiyo mtafutie aliyekwisha pita miaka 12, hata wa miaka 18 ikiwa daktari wa mifugo ameridhika na miguu na meno yake, ambaye watoto wengine wawili watatu wamejifunzia mgongoni mwake. Atakuwa mwepesi wa kusamehe mkono unaovuta hatamu kwa nguvu, atasimama mtoto akipoteza mizani, na pengine atakataa kwenda shoti hata akiombwa. Mwanao atamlalamikia kwa uvivu huo. Mwambie mwalimu wake asilirekebishe hilo kwa sasa.