Kabla ulipe karo ya chuo cha ualimu, uliza kuhusu TP (mazoezi ya kufundisha shuleni)

Mtoto wa dadangu amemaliza Fomu 4 na anataka ualimu, juzi akanipigia simu akaniuliza, "Anti, nitajuaje chuo chenye kitanifunza kazi vizuri?" Nimekuwa darasani hapa Kisumu miaka mingi na kila mwaka napokea wanafunzi wa TP, kwa hivyo hili swali liko karibu na roho yangu.

Mimi nilisoma P1, ile cheti ya ualimu wa shule ya msingi ya miaka 2. Chuoni tulikuwa tunafundishana sisi kwa sisi, watu wazima tumejifanya watoto wa darasa la tatu, kila swali linajibiwa, hakuna mtu analia wala kuomba kuenda choo. Halafu nikapelekwa shule moja huku Nyalenda nikapata watoto zaidi ya 70, wengine hawana penseli, wengine nyumbani wanaongea Dholuo tu na mimi niko hapo na Kiswahili changu cha vitini. Andalio la somo lilikuwa safi kabisa lakini dakika kumi zikiisha darasa si langu tena.

Mkufunzi wa kwanza kuja kuniangalia alikaa nyuma, akapitia faili, akasaini akaenda. Wa pili ndio alinitengeneza. Baada ya somo tulikaa chini ya mti karibu saa nzima akaniambia, umeuliza maswali 11 na yote yamejibiwa na watoto wa dawati mbili za mbele, hao wengine umewafundisha nini? Sijawahi kusahau, na hadi leo nikiuliza swali naanza na dawati ya nyuma.

Kwa hivyo nilimwambia huyu msichana, majengo mazuri na hosteli achana nazo kwanza. Tafuta wanafunzi wa chuo hicho waliotoka TP uwaulize walitembelewa mara ngapi na mkufunzi akimaliza kuangalia alikaa nao chini ama alisaini tu. Waulize pia siku ya kwanza kusimama mbele ya watoto wa kweli ilikuwa lini, kwa sababu kama ni mwaka wa mwisho hapo umechelewa sana, makosa yako utayafanyia watoto wa watu ukiwa umeajiriwa.

Kitu kingine ni CBC, ule mtaala wa umilisi, yaani wa kile mtoto anaweza kufanya. Ilianza 2019 kwa madarasa ya chini, na 2021 vyuo vikaanza diploma ya miaka 3 badala ya P1. Kwa karatasi ni mabadiliko mazuri, lakini kuna wanafunzi wanakuja kwangu wanajua kutaja umilisi zote bila kukosea na ukiwapa kazi za watoto 60 wapime nani ameelewa na nani bado, wanakwama. Kupima mtoto wakati somo linaendelea ni kazi ya mikono, lazima mtu aifanye mara nyingi akisahihishwa. Na lugha pia, sera inasema Gredi 1 hadi 3 wafunzwe kwa lugha ya eneo, so uliza kama chuo kinawafanyisha mazoezi ya hiyo ama ni ya kusomwa tu. Mambo ya usajili angalia mapema, maana bila TSC, ile tume ya walimu, kukuandikisha huwezi kuajiriwa.

Ukiweza, ongea pia na mwalimu mkuu wa shule inayopokea wanafunzi wa chuo hicho. Hao huona mengi. Mimi mwenyewe wiki ya kwanza tu najua, wa chuo kizuri hukaa nyuma ya darasa langu na daftari anaandika majina ya watoto wasioinua mkono, na jioni ananiuliza mbona yule wa dirishani haongei.

Jumamosi huyu msichana anapanda matatu aje Kondele, nimemtafutia wasichana wawili waliomaliza TP mwaka jana, na nimemwambia abebe kalamu.