Bingwa wa Tanzania haendi moja kwa moja

Wapo wanaouliza kama bingwa wa Ligi Kuu ya Wanawake Tanzania hufuzu moja kwa moja Ligi ya Mabingwa Afrika ya Wanawake. Hapana ndugu, hapati tiketi ya moja kwa moja, bali hushindana kwanza na mabingwa wenzake wa ukanda wa CECAFA (Afrika Mashariki), na mshindi wa mchujo huo ndiye anayesonga mbele kwenye fainali za timu 8. Nchi mwenyeji na bingwa mtetezi wa Afrika pekee ndio wenye nafasi zao bila jasho hilo. Simba Queens wa Tanzania walivuka mchujo huo mwaka 2022 na kumaliza wa 4 nchini Morocco. Nusu fainali waliyofungwa 1-0 na Mamelodi Sundowns niliitazama katika kibanda umiza hapa Mwanga, Kigoma, dirisha likiwa limezibwa kwa kitenge, na hakuna aliyedai kurudishiwa kiingilio. Kinachowachanganya wengi wa huku ziwani ni kwamba Burundi tuko nao ukanda mmoja, ilhali Kongo, ambayo milima yake tunaiona ng'ambo anga likitakata, hupitia UNIFFAC, ukanda wa Afrika ya Kati, ndiyo maana TP Mazembe ya Kongo, mabingwa wa Afrika wa 2024, hawakukutana na timu yetu kwenye mchujo.