Mawazo hayaishi, kwahiyo mi nafurahi hivyo hivyo tu

Nianze na hili kabisa ili tusipotezeane muda: sitakwambia "fikiria chanya". Wale mamotivesheni spika wanaosema amua tu kuwa na furaha, wengi wao nahisi kodi wanalipiwa. Mimi kodi ya fremu nalipa mwenyewe. Nina steshenari ndogo huku Nkuhungu, Dodoma, natoa kopi, naprinti, napiga picha za pasipoti, nauza madaftari na kalamu, watoto wanasoma, mama yangu yuko Kongwa anameza dawa za presha kila siku ya Mungu, baba watoto ni dereva wa lori, leo yuko Kahama keshokutwa unasikia yuko Tunduma kwenye foleni ya mpaka. Mawazo ninayo, tena ya kugawia na majirani yakabaki.

Ila nimeishi nayo muda mrefu kiasi cha kuyajua tabia. Mawazo hayana likizo. Ukimaliza michango ya shule inaingia kodi, ukimaliza kodi mashine ya kopi inameza karatasi, ikipona hiyo mama anapiga simu dawa zimeisha. Sasa mtu anayesema nitafurahi haya yakitulia, mi namhurumia kwasababu atazeeka anasubiri. Nilichokuja kukiona ni kwamba furaha inapatikana humo humo katikati ya purukushani, lakini inataka mambo mawili, kwanza uitengee nafasi kabla mawazo hayajakaa kwenye kiti chake, na pili umwambie mtu. Hilo la pili ndo tunaliruka sana, tutalifikia.

Hapa Dodoma mfano mzuri ni maji. Ambaye hajaishi huku hawezi kuelewa. Mkoa wetu ni mkame, mvua ni msimu mmoja tu, inaanza Desemba hivi mpaka Aprili, na mwaka mzima haifiki hata zile wanazopata wenzetu wa Bukoba kwa miezi michache. Halafu tangu serikali ianze kuhamia mwaka 2016 watu wameongezeka vibaya mno, sensa ya 2012 jiji lilikuwa na watu laki 4 na kidogo, ya 2022 wakahesabiwa zaidi ya laki 7 na nusu. Kwahiyo mgao upo, mtaani kwetu maji yanatoka kwa zamu, na zamu yenyewe mara nyingi ni usiku wa manane wakati umelala fofofo.

Zamani nilikuwa naamka nimenuna. Nakokota mpira, najaza madumu, najaza simtenki, huku nalaani kila kitu. Siku hizi jirani yangu wa ukuta kwa ukuta tumewekeana utaratibu, atakayesikia bomba linakohoa anampigia mwenzake, haongei kitu, anabipu tu. Tunatoka nje na makanga, tunajaza tukipiga stori, saa nane za usiku, watu wazima kabisa tunachekeana vichekesho vya mashemeji. Mgao haujaisha, usingizi unakatika vile vile, lakini hebu niambie ni wapi pengine ningempata huyu dada tukaongea dakika arobaini bila mtoto kulia wala mteja kugonga. Na ile sauti ya tenki likijaa, yani mtu wa Dar hawezi kujua raha yake. Napanda kitandani najua kesho nafua, naosha vyombo vyote, naoga mpaka basi. Kama ni tajiri basi usiku ule tajiri ni mimi.

Ndo namaanisha hapo. Sisemi ushukuru shida. Shida ni shida na kama kuna mahali pa kulalamika ulalamike. Nasema kitu kile kile kinachokutesa mara nyingi kina upande mwingine ambao haugharimu hela, uuangalie pia.

Asubuhi nayo nimeilinda. Sheria yangu ni kwamba simu haishikwi mpaka chai imenyweka. Unajua tena simu za siku hizi, ukifungua tu data inamwagika meseji ya mkopo wa kausha damu, grupu la wazazi wanataka mchango wa mtihani, mtu kaweka msiba, mtu kakuomba elfu ishirini na hajakusalimia. Ukianza na hayo siku imeshakuwa yao. Mi natoka nje na kikombe cha chai ya tangawizi, nakaa kwenye kigoda upande wa jua. Mwezi wa sita na wa saba huku kuna baridi na upepo wa kukausha midomo, sasa lile jua la saa moja na nusu likikupiga mgongoni, acha tu. Ni dakika chache sana. Kama una kichanga sijui utafanyaje, nadhani kichanga nacho kiwekwe juani, ha ha.

Halafu misimu. Sisi tuna zabibu jamani, watu wanazisikia kwenye redio sisi tunazila. Zinavunwa mara mbili kwa mwaka, kuna za mwezi wa pili na wa tatu na kuna za mwezi wa nane na wa tisa, na zikikolea zinauzwa barabarani kwenye ndoo na vikapu, bei inashuka mpaka unaona aibu kuomba punguzo. Nikitoka soko la Majengo kununua mahitaji nachukua za kwangu peke yangu, nasisitiza za kwangu, nazisuuza na maji ya chupa nakula kwenye bajaji kabla sijafika nyumbani. Za watoto zinakuwa kwenye mfuko mwingine. Mama mwenzangu unayesoma hapa, hicho kifuko cha pembeni usikionee haya. Tumefundishwa kuwa mama mzuri hula mwisho, na anayekula mwisho mara nyingi anakuta sufuria.

Pale pale Majengo kuna bibi mmoja wa Kigogo ananiuzia mlenda wa kukausha. Mimi kabila langu silo ila nimejifunza kumsalimia "mbukwenyi", na kila nikisema anacheka kwasababu lafudhi yangu anasema inachekesha, ananiongezea kiganja kizima cha mlenda. Sijui nani anamfurahisha mwenzie pale. Siku ambayo biashara imelala, naweza nikaenda kununua mlenda ambao nyumbani bado upo.

Sasa tuje kwenye kumwambia mtu. Mwaka 2003 kuna watafiti wawili wa Marekani, Robert Emmons na Michael McCullough, waliwagawa watu makundi, kundi moja wakawa wanaandika kila wiki mambo wanayoyashukuru, kundi lingine wanaandika yanayowaudhi, na wale wa kushukuru wakawa wanayaona maisha yao vizuri kuliko wenzao. Nilipokutana na habari hiyo nikajaribu. Dukani nina daftari la madeni, kurasa za mbele nimeandika nani kachukua nini hajalipa, basi nikaligeuza, nyuma nikaanza kuandika ya kufurahisha. Kuandika kila siku kulinishinda, kukawa kama homuweki, naandika "nimeamka salama" ili tu nijaze mstari. Nikaja kuona mara moja kwa wiki inatosha, jumapili jioni, na naandika kitu chenye sura kabisa. "Yule baba wa kopi za hati kaja kulipa mwenyewe bila kudaiwa." "Umeme umerudi kabla samaki hajaharibika." "Mama kacheka kwenye simu mpaka kakohoa." Vitu vya aina hiyo.

Lakini kilichoniongezea zaidi ya daftari ni kumpigia baba watoto na kumwambia. Tulikuwa na tabia mbaya ya mawasiliano, nikimpigia ni hela, akinipigia ni "vipi wameshakuja kudai?" Mtu yuko njiani kachoka, anaona jina langu kwenye kioo cha simu moyo unamruka. Nikaanza kumtafuta kwa mambo ya kijinga tu. Mtoto leo kasema hivi, kuku kataga kwenye beseni la nguo. Mwanzoni alikuwa anasubiri nimalize aulize "sasa shida ni nini?" maana hakuamini kwamba hakuna shida. Sasa hivi na yeye ananitumia, picha ya machweo akiwa Manyoni, voisi ya utingo wake anaimba vibaya. Na nimegundua jambo likisimuliwa linakaa, usipolisema jioni limeshafutika na deni la karatasi.

Kama huna mume wala mke, kuna dada, kuna shoga yako, kuna yule mnayekaa naye kijiweni. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024 mdogo wangu anakuja kutoka Dar anashinda mwisho wa wiki anarudi, zamani kwa basi ilikuwa safari ya kuomba ruhusa kazini.

Kuna kitu nimejifunza kwa wenyeji wa huku. Wagogo wameshapitia njaa kubwa za kuandikwa, mojawapo ni ile ya Mtunya, kati ya 1917 na 1920, wakati wa vita kuu ya kwanza majeshi ya Wajerumani na Waingereza yalichukua nafaka na ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo, ukame ukaja juu yake, watu wakafa wengi sana. Na watu hawa hawa ndo wenye muheme, ngoma ambayo akina mama wanaibana mapajani wanaipiga wenyewe, na zeze, na ile namna yao ya kuimba sauti nyingi zinazoingiliana mpaka nywele zinasimama. Marehemu Hukwe Zawose aliupeleka muziki huo nje ya nchi watu wakaduwaa. Nikiwaangalia wale mama kwenye sherehe, mtu ambaye najua wazi mtama wake mwaka huu haukushika, anapiga ngoma jasho linamtoka anacheka, najiambia huyu hakusubiri ghala lijae. Na wala hajasahau ghala.

Maana kusahau siyo dawa. Mawazo yangu mimi nimeyapa saa yake. Jioni nikishafunga duka, kabla sijatoka, nakaa na kalkuleta na karatasi iliyoharibika kwenye printa, naandika kila kinachonisumbua. Kinachofanyika kesho nakiwekea alama, kupiga simu kwa mwenye fremu kuomba wiki moja, kumkumbusha mteja, kuuliza bei ya dawa duka lingine. Visivyofanyika kesho naviacha kama vilivyo. Halafu nafunga. Yakinijia saa sita usiku nayaambia mna saa yenu, kesho jioni. Hayatii siku zote, yana kiburi, lakini yamepunguza kelele sana kwasababu yanajua yatasikilizwa.

Na stetasi za WhatsApp, dada zangu. Kuna watu nimewamyuti na ninawapenda. Siwachukii, ni kwamba kila nikiona wamehamia nyumba mpya mtaa wa Kisasa au wako Zanzibar na juisi yenye mwavuli, yale machai yangu ya juani yanaonekana ya kimaskini. Nikikutana nao uso kwa uso wana stori zao za mikopo kama mimi tu. Kwahiyo tunaonana uso kwa uso.

Mwisho kuna jambo lazima niliseme maana sitaki mtu asome hapa aende kukaa juani na kikombe wakati anachohitaji ni daktari. Kuna huzuni ambayo zabibu haigusi. Kama ni wiki mbili na zaidi hulali au unalala tu, chakula hakipiti, yale uliyokuwa unayapenda hayana ladha, unajiona huna maana, au unawaza kujidhuru, hiyo siyo mawazo ya kodi tena. Hapa Dodoma tatizo letu ni lile jina, ukitaja Mirembe watu wanacheka, tumelifanya tusi tangu shule ya msingi, "wewe wa Mirembe nini", matokeo yake mtu anaugua anajificha. Ile ni hospitali ya taifa ya afya ya akili, watu wanasafiri kutoka mikoa mingine kuifuata sisi tuko nayo mlangoni tunaitania.

Na siyo lazima uanzie huko. Nenda hospitali ya karibu yako, ya wilaya au ya mkoa, mwambie wa mapokezi unataka kuonana na mtu wa afya ya akili. Ila yale ya kuwaza kujidhuru usisubirie kesho, mwambie mtu sasa hivi na aende na wewe. Mimi nilimsindikiza ndugu yangu, na yeye alivaa kofia imemziba mpaka puani asitambulike. Tulikaa kwenye benchi na watu wa presha na wenye watoto wa homa, hakuna hata mmoja aliyetugeukia, akaongea na daktari, akachukua dawa dirisha lile lile wanalochukulia wengine. Kurudi kofia aliisahau kwenye bajaji.