Deki ikicheza, mpelekee fundi

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nina kibanda cha kuonyesha picha hapa Pasua, Moshi. Vijana wanaonishikia zamu wanabonyeza rimoti ovyo, kwa hiyo nimeandika maelekezo nikayabandika ukutani: "Ingiza CD kwenye kicheza DVD. Bonyeza CHEZA ili picha icheze. Sauti ikiwa ndogo, KUZA sauti." Kijana mmoja anabisha, anasema si "kuza", ni "ongeza". Mwenzake anasema "pandisha". Mama muuza kahawa wa jirani anadai Kiswahili safi ni "paza". Nani mkweli? Tena hiyo sauti yenyewe inanitesa: waigizaji wakiongea hawasikiki, bunduki zikilia majirani wanagonga mabati.

JIBU: Marahaba. Vijana wako wote wawili wako sawa. Sauti huongezwa na hupunguzwa, hupandishwa na hushushwa, na hakuna aliyekufa kwa kuchagua hili akaacha lile. Mama wa kahawa naye hajakosea neno, amekosea mtu: "paza" ni kuifanya sauti ipae, na anayepaza ni mwenye koo lake, kama mpiga debe pale stendi. Deki, hicho unachokiita kicheza DVD, haina koo. "Kuza" waachie wenye vikuza sauti. "Sauti" yenyewe tumeitoa kwa Waarabu, na wala hawajaidai. Yamekwisha hayo.

Lakini ndugu yangu, umeandika "Bonyeza CHEZA ili picha icheze", ukabandika ukutani mbele za watu, ukapita kuniuliza habari za "kuza". Ni kama mtu anayekuja hospitali na mkuki mgongoni akaomba dawa ya mafua.

Picha icheze! Unajua picha ikicheza inakuwaje? Siku za antena, kabla ya ving'amuzi, kila nyumba ya huku Ngarenaro iliyokuwa na TV ilikuwa na mtoto mmoja wa zamu ya mlingoti. Taarifa ya habari ikianza kuyumba, baba anaita dirishani: "Picha inacheza!" Mtoto anatoka mbio, anaukumbatia mwanzi, anauzungusha taratibu. "Bado inacheza! Rudisha kidogo! Umepitiliza! Kidogo tena! Hapo hapo, usiuachie!" Anabaki amesimama pale, baridi ya Meru inampiga masikioni, mpaka hali ya hewa isomwe. Mtoto yule leo ni mtu mzima mwenye watoto wake. Akija kibandani kwako akakuta umeweka kitufe maalumu cha kuifanya picha icheze, atakuuliza kama una akili timamu.

Kwa Kiswahili, kitu kisicho na uhai kikicheza kimelegea. Jino linacheza, kesho litang'oka. Usukani unacheza, usipande hilo gari. Jicho linacheza, subiri mgeni au msiba, kutegemea bibi yako alikufundisha nini. Ukiniambia deki yako inacheza nitakuuliza imewekwa juu ya meza gani.

Upande wa wenye uhai mambo ni wazi zaidi, maana hapo lugha yetu imegawa kazi bila ugomvi. Ngoma ina wawili: anayeipiga na anayeicheza. Mpigaji anapiga, mchezaji anacheza, na akichoka mmoja wao shughuli imekwisha. Gitaa hupigwa, kinanda hupigwa, na wazee wetu santuri waliipiga pia, ingawa hakuna aliyeishikia fimbo. "Cheza muziki" maana yake ni moja: inuka utikise mabega. Sasa chukua simu yako, iweke kwa Kiswahili, uone inavyokuamuru "cheza" kila ukigusa wimbo. Juzi mjukuu wangu ameniletea simu hiyo akisema, "Babu, cheza katuni." Bibi yake akajibu kutoka jikoni, "Muache babu yako, magoti hayo."

Na filamu ndiyo kabisa, maana kiti hicho kina mwenyewe. Marehemu Steven Kanumba, aliyefariki mwaka 2012, alicheza filamu. Kucheza filamu ni kuigiza humo, kulia humo, kupigwa kofi humo. Kijana wako wa zamu akibonyeza "cheza filamu" amejiandikisha kuwa mwigizaji, na malipo yake mtajuana. Simba na Yanga hucheza mpira, TV huuonyesha. Hatujawahi kusema TV imecheza Simba na Yanga. Basi kwa nini deki icheze Kanumba?

Nitakwambia kwa nini. Mwingereza ana kitenzi kimoja, "play", anachokivalisha mtoto, mpira, gitaa, mwigizaji na mashine. Hiyo ni shida yake, amezoea. Mfasiri wetu alipokutana nacho kwenye mashine alifungua kamusi, akakuta "cheza" iko mstari wa kwanza, akafunga kamusi akaenda kula.

Mwaka jana deki yangu iligoma, nikaipeleka kwa fundi mmoja karibu na soko la Kilombero, hapa Arusha. Nikataka kumpima. "Fundi, haichezi." Akainyanyua, akaitikisa karibu na sikio kama mtu anayechagua nazi. "Kweli haichezi," akasema, "imefungwa vizuri. Sasa tatizo lake nini?" Nilitaka kumkumbatia. Akafungua skrubu nne, akachovya pamba kwenye spiriti, akafuta kijicho cha kioo kisichozidi punje ya dengu. "Ilikuwa haisomi," akasema. Haisomi! Neno limekaa mahali pake kama kigoda: kile kijicho kinamulika mwale wa leza kwenye vishimo vidogo vidogo vya CD na kuvisoma kimoja kimoja. Halafu akaongeza bila kuulizwa: "Na trei yako inacheza, ngoja niikaze." Kwa sentensi mbili yule fundi alifanya kazi ambayo mimi nimeihangaikia miaka ishirini. Najua, "soma" ya mashine nayo imekuja kwa mlango ule ule wa mkopo. Hiyo naipokea. Sina sababu ya kisomi, imenipendeza tu.

"Kicheza DVD" ni mtoto wa dhambi hiyo hiyo. Ukinitajia kicheza naona kitu kidogo kinachokata viuno juu ya kabati. Kina jina tayari, kinaitwa deki, na mtaa mzima unalijua. DVD zilipoanza kuuzwa Japani mwaka 1996, huku kwetu neno lilikuwa limeshapangishwa na mikanda ya video. Zilipofika zikahamia tu. Kwa Waingereza neno hilo, "deck", ni sitaha ya meli, na ndiko kulikotoka kile "kupiga deki" cha kila asubuhi kwa ndoo na tambara.

Hapa adui yangu atanikamata, namwona anakuja. Atasema: Mwalimu, wewe unataka kila kitu kipigwe, haya, tupige deki! Naam, amenipata. Nikimwambia kijana wako apige deki ataloanisha sakafu. Ndiyo maana sishikilii "piga" kwenye picha. Lakini sikia watu wanavyosema wakiwa hawajui kuwa wanasikilizwa. Wateja wako wakiingia kibandani hawasemi "tuchezee picha". Wanasema "tuwekee picha". Weka. Neno limekaa hapo kwenye benchi, limelipa kiingilio, na wewe umelikalia ukitafuta kubwa zaidi.

Wapo wasuluhishi wanaoleta "chezesha". Nawaheshimu kwa bidii yao. Mimi bado naona refa, maana ndiye anayechezesha. Wajukuu wangu nao nimewanyamazia; wakisema "cheza" nawawekea katuni, nasaga meno, naendelea na chai. Kumsahihisha mtoto wa miaka sita mbele ya katuni yake ni kazi ya mtu asiye na kazi. Lakini wewe ni mtu mzima, na umetumia kalamu ya wino mzito.

Sasa majirani wako na mabati yao. Hapo tatizo si kuongeza wala kupunguza. Filamu nyingi za DVD zimerekodiwa sauti ya njia sita: mbili za mbele kulia na kushoto, moja ya katikati, mbili za nyuma, na moja ya besi. Maneno ya waigizaji mengi yamepitishwa ile ya katikati. Deki ikidhani una spika sita wakati unazo mbili, maneno yanapelekwa kwa spika ambayo hujainunua. Ingia kwenye mipangilio, upande wa sauti, uchague stirio. Zile njia zitakunjwa ziingie mbili. Palepale, kwenye kipengele cha Dolby Digital, deki nyingi zina kipimo cha kubana tofauti kati ya mnong'ono na mshindo. Kipandishe mpaka kijae: minong'ono itainuka, bunduki zitashuka. Angalia na waya nyuma: nyekundu kulia, nyeupe kushoto, njano ni ya picha na haihusiki na ugomvi huu. Mmoja ukiwa umechomoka utapata nusu ya sauti, na vijana watafidia kwa kupandisha mpaka spika itoe tambi. Ngoma ikivuma sana hupasuka, na ya kwako si ya kukodi.

Lile karatasi libandue. Kile kitufe ulichokihangaikia hata neno hakihitaji, kina pembetatu. Bandika hili:

WASHA TV NA DEKI. WEKA CD, MAANDISHI YATAZAME JUU. BONYEZA PEMBETATU, PICHA IANZE. VISTARI VIWILI NI KUSIMAMISHA KIDOGO MTU AKITAKA KUTOKA. SAUTI ONGEZA AU PUNGUZA, MIPANGILIO USIGUSE. CD ISIPOSOMA, IFUTE KWA KITAMBAA LAINI, KUTOKA KATI KWENDA PEMBENI. PICHA IKICHEZA, ZIMA, NIITE.